Nyekundu Si Damu: Mpangilio wa Rangi katika Picha za Tingatinga

Kuna ugonjwa mmoja umeingia katika uhakiki wetu, na dalili zake kila mmoja anazijua. Mwanafunzi akikutana na rangi katika kazi ya sanaa, iwe picha, riwaya au jukwaa la tamthiliya, mkono unamwenda mbio: nyekundu ni damu, nyeusi ni msiba, nyeupe ni amani, kijani ni matumaini. Akimaliza anapiga mstari na kuhamia kwenye wahusika. Alama anapata, kwa sababu msahihishaji naye ana rundo la karatasi mezani na orodha ile ile kichwani. Sasa tujiulize, wenzangu: baada ya kuandika hivyo, tumesema nini juu ya kazi iliyo mbele yetu? Orodha hiyo unaweza kuiandika ukiwa umefumba macho.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rangi katika sanaa haitembei na maana yake mfukoni. Kwanza inafanya kazi, na kazi hiyo inaipata kwa majirani: rangi gani imekaa pembeni yake, kwa wingi gani, na mpaka kati yao umechorwaje. Maana huja baadaye, ikipitia humo. Kwa hiyo mpangilio wa rangi ni suala la fani inayozaa maudhui, na mhakiki anayeurukia anaruka nusu ya kazi. Mfano wetu mkuu utakuwa picha za Tingatinga. Tumezichagua makusudi, maana ni picha ambazo kila mtu ana la kusema juu ya rangi zake na wachache wanazitazama. Anayezipenda husema ni "rangi za Kiafrika". Anayezidharau husema ni "rangi za watalii". Kauli zote mbili ni za mtu aliyeziona kupitia dirisha la daladala, tena daladala yenyewe ikiwa kwenye mwendo.

Bendera imetuponza

Tabia hii ya kusoma rangi kama orodha tumeitoa wapi? Mimi nashuku tumeitoa shule ya msingi, siku tulipokaririshwa rangi za bendera ya taifa. Kijani ni mimea na ardhi, njano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji ya maziwa na bahari. Mwalimu aliuliza, tukajibu kwa sauti moja. Hakuna ubaya hapo, bendera ni chombo cha makubaliano: watu walikaa wakakubaliana kwamba rangi hii isimame badala ya kitu fulani, na aliyekuwa hakuwepo akafundishwa. Ubaya ulikuja tulipobeba mazoea hayo hadi chuo kikuu na kuanza kuhoji kila picha kana kwamba nayo ilipitishwa bungeni.

Lakini hata bendera yenyewe, ukiitazama badala ya kuikariri, inakuambia jambo jingine. Tazama ile mistari miwili myembamba ya njano inayoupakana mshazari mweusi. Tuliambiwa ni madini, sawa. Sasa iondoe kwa mawazo yako. Nyeusi inabaki imegusana moja kwa moja na kijani upande huu na buluu upande ule, rangi zote zilizo nzito kuliko njano, na kwa mtu aliyesimama mbali mshazari unaanza kuzama. Njano ndiyo inayouokoa. Katika bendera ya Tanganyika ya mwaka 1961 kazi ilikuwa hiyo hiyo: njano ilikaa kati ya kijani na nyeusi, ikazitenganisha. Atakaye ushahidi zaidi ailinganishe na bendera ya Zanzibar, ambamo buluu, nyeusi na kijani zimelazwa moja juu ya nyingine bila mstari wa njano kati yao. (Simo katika siasa hapa, nazungumzia jicho tu.) Kwa umbali wa uwanja wa mpira utaona tofauti mwenyewe. Basi njano ya bendera, kabla haijawa madini, ni mpaka, na mwanafunzi aliyejibu "madini" bila kuuona mpaka amejibu swali la uraia. La sanaa bado linamsubiri.

Malalamiko ya Paris na kanga ya kisutu

Jambo hili la majirani halikugunduliwa na wahakiki wa fasihi. Mmoja wa waliolifanyia kazi kwa utaratibu alikuwa mkemia, Michel Eugène Chevreul, Mfaransa aliyewekwa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia na mapazia ya kufumwa cha Gobelins, mjini Paris. Alipokea malalamiko mengi, na mojawapo lilihusu nyuzi nyeusi. Wafumaji walisema nyeusi ya kiwanda ni dhaifu, hasa ikitumika kama kivuli katika nguo za buluu na zambarau. Chevreul akazipima nyuzi zile, akazilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina kasoro. Kasoro ilikuwa katika ujirani. Nyeusi ikilala pembeni ya buluu inapokea kitu kutoka kwa buluu machoni mwa mtazamaji, inapoteza nguvu, inaonekana imechujuka. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya kanuni hiyo, kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inamsukuma mwenzake mbali na yenyewe.

Usiniamini mimi wala Chevreul. Chukua bahasha ya kaki, kata vipande viwili vilivyo sawa. Kimoja kiweke juu ya kanga nyekundu iliyokolea, kingine juu ya kanga ya kijani. Rudi nyuma hatua mbili. Kaki iliyo juu ya kijani itaonekana ina wekundu ndani yake, na ile iliyo juu ya nyekundu itaonekana imepoa, imekuwa kama na ukijani wa mbali. Bahasha ni ile ile moja, umeikata kwa mkono wako. Sasa mtu akikuuliza "kaki ina maana gani?", utamjibu nini kabla hujamuuliza imekaa juu ya nini?

Wauza kanga wa Kariakoo hili wanalijua bila kitabu, ndiyo maana hawakunjui kanga moja tu mbele ya mteja. Na katika kanga kuna mfano mmoja ambao unatosha kuivunja orodha yetu nzima, nao ni kisutu. Kisutu, kama wengi tunavyojua, ni kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na huku pwani inahusishwa na harusi. Haya, ndugu mhakiki wa orodha, tafadhali fasiri. Nyekundu ni damu, nyeusi ni msiba, nyeupe ni amani: je, bibi harusi anatangaziwa nini? Damu, msiba, halafu amani? Huo si uhakiki, ni upigaji ramli, tena ramli mbaya. Itazame kanga yenyewe. Nyeusi imetumika kuyashika maumbo, nyeupe imeachwa kidogo kidogo ili imulike, na nyekundu, kwa kukaa kati ya weusi na weupe, inapata moto ambao isingeupata ikiwa peke yake. Furaha ya kisutu imo katika mvutano wa zile rangi tatu. Nyeusi yake ni mfanyakazi wa furaha ile.

Rafiki yangu mmoja alinipinga tulipokuwa tukibishana juu ya hili. Alisema: kama rangi haina maana, mbona bibi harusi havai kaniki? Swali zuri, na lisipite hivi hivi. Sijasema rangi haina maana. Desturi zipo, na kaniki ina historia yake ndefu ya kazi, ufukara na uganga ambayo hakuna msanii anayeweza kuifuta. Ninachosema ni kwamba desturi yenyewe haishiki rangi moja moja. Kaniki ni giza tupu lisilo na jirani, na kisutu ni giza lililopewa majirani wawili. Weusi mmoja, vitambaa viwili, maana mbili zisizofanana. Hata Victor Turner, aliyeandika sana juu ya nyeupe, nyekundu na nyeusi katika mila za Wandembu wa Zambia katika kitabu chake cha mwaka 1967, na ambaye angeweza kuwa wakili mzuri wa orodha, alikuta kwamba nyekundu ina pande mbili: ipo damu ya uzazi na ipo damu ya mauaji. Ufasiri unategemea nyekundu imesimama na nani.

Lugha yetu inasema nini

Hapa kuna jambo dogo la lugha ambalo wanafasihi hatupaswi kulipita. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Kiti cheupe, meza nyeusi, gari jekundu. Baada ya hapo tunaazima vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni majivu. Manjano ni kile kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, samawati ni mbingu za Waarabu, na buluu tumemkopa Mwingereza. Berlin na Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969 kuhusu majina ya rangi katika lugha nyingi, walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na haya haya: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Wengi wamewabishia tangu hapo, na mimi siyo msuluhishi wao.

Kinachonivutia ni yale majina ya mtaani, ambayo kamusi huyaandika kwa aibu. Damu ya mzee. Maji ya kunde. Rangi ya ugoro. Rangi ya maziwa. Angalia: msemaji wa Kiswahili anapotaka kuwa sahihi kuhusu rangi, analeta kitu pamoja na mazingira yake. Damu haitoshi, lazima iwe ya mzee, yaani nyekundu iliyopoa na kuelekea weusi. Kunde haitoshi, ni yale maji yake. Jina linabeba uhusiano ndani yake. Kwa maneno mengine, bibi anayesema "nipe ile ya damu ya mzee" amefanya uhakiki makini kuliko sisi tulioandika "nyekundu = damu". Na angalia tena kejeli iliyopo: damu imo kabisa katika jina hilo, lakini hakuna anayelisikia akafikiria vita.

Kopo la rangi

Sasa tumfikie Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi. Alipitia vibarua vya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa watu wengine. Alianza kuchora mwaka 1968 na kuuza picha zake karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni walifika kununua mboga na mahitaji. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Jumla yake ni miaka minne hivi ya kazi. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa wachache, akina Omari Amonde, January Linda na Simon Mpata, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika ambacho jina lake kinabeba hadi leo.

Vifaa vyake ndivyo vinavyotuhusu. Alichora juu ya hadibodi, mara nyingi kipande cha mraba chenye upande wa sentimita 60 hivi, kwa rangi ya mafuta ya dukani, ile inayopakwa baiskeli na fremu za madirisha. Wahakiki wengi hutaja jambo hili kama habari ya umaskini: masikini, hakuwa na rangi za wasanii. Ni kweli kwamba hakuwa nazo. Lakini tukiishia hapo tunakuwa kama mtu anayesema mshairi alitumia mizani kwa sababu alikosa karatasi ndefu. Tuangalie kopo lile linafanya nini mkononi mwa mchoraji.

Kwanza, linang'aa na linajilaza lenyewe. Alama za brashi hupotea, uso unabaki laini kama bati. Pili, huwezi kupaka rangi ya pili juu ya ya kwanza ambayo haijakauka bila kuzichafua zote, kwa hiyo unasubiri. Ukisubiri, rangi ya pili inakaa juu ya ya kwanza ikiwa na ukingo mkali kama uliokatwa kwa wembe. Tatu, makopo ni gharama, kwa hiyo yanakuwa machache. Ukijumlisha hayo matatu unapata sanaa ambayo ndani yake rangi chache zinakutana ana kwa ana, bila kivuli cha kuwapatanisha. Na hapo ndipo ile kanuni ya malalamiko ya Paris inapofanya kazi kwa nguvu zote, maana ukingo ukiwa mkali, majirani wanasukumana zaidi.

Ongeza na usuli, yaani ile sehemu ya nyuma ya picha. Picha za Tingatinga mwenyewe zinajulikana kwa usuli wa rangi moja iliyolala sawasawa, na juu yake mnyama au ndege mmoja, labda na mti au majani. Hakuna anga, hakuna ardhi, hakuna upeo. Tuseme ni chui: mwili wa njano, madoa meusi, macho yenye weupe. Hebu fanya jaribio jingine kwa mawazo. Mlaze chui huyo juu ya usuli mweupe. Njano, ambayo kwa asili ndiyo rangi iliyo nyepesi kuliko zote ukiacha nyeupe yenyewe, inafifia. Madoa ndiyo yanayobaki, na chui anakuwa wingu la madoa linaloelea. Sasa mlaze juu ya buluu iliyokolea. Mwili unaruka mbele, unakuwa taa, na madoa yanageuka kuwa mashimo ya kuuonea usiku uliopo nyuma yake. Mnyama ni yule yule, mikono ni ile ile, kopo la njano ni lile lile. Katika picha ya kwanza chui ni ngozi. Katika ya pili chui ni kiumbe kinachotokea gizani. Hayo ni maudhui mawili tofauti, na yamezaliwa na uamuzi mmoja wa usuli.

Ndiyo maana napinga wanaosema picha hizi ni "bapa" kwa maana ya kwamba hazina kina. Kina upo, ila hakikuletwa na mistari ya upeo wa Kizungu. Kimeletwa na rangi inayosogea mbele na rangi inayorudi nyuma. Na ndiyo maana napinga pia neno "rangi za Kiafrika". Kopo lilitoka kiwandani, na njano yake haina kabila. Kilichokuwa cha Tingatinga ni jinsi alivyozikutanisha.

Tulio katika fasihi tunao mfano wa karibu. Miaka ile ile ya mwisho wa sitini na sabini, washairi wetu walikuwa wakigombana juu ya vina na mizani: je, ni minyororo au ni mifupa ya shairi? Ugomvi tunaufahamu, tumeujibia mtihani. Makopo manne au matano ya rangi ni bahari ya shairi. Malenga akibanwa na kina analazimika kulitafuta neno ambalo asingelitafuta akiwa huru, na wakati mwingine neno hilo ndilo linaloliinua shairi. Mchoraji asiye na rangi ya nyasi kavu analazimika kuamua nyasi ziwe nini. Zikawa buluu. Ziliporuhusiwa kuwa buluu, tembo naye akapata ruhusa ya kuwa mwekundu.

Jua linazama kila siku

Baadaye usuli ulibadilika. Atembeleaye maduka ya picha leo, Dar es Salaam, Arusha au Unguja, atakuta picha nyingi ambazo usuli wake unayeyuka kutoka njano chini, kupita rangi ya chungwa, hadi nyekundu juu. Jua linazama. Linazama nyuma ya mbuyu, linazama nyuma ya twiga watatu, linazama nyuma ya Mlima Kilimanjaro, na nyuma ya Mmasai mwenye mkuki. Hadibodi nayo mara nyingi imeachia nafasi kitambaa, kwa sababu kitambaa hukunjika kikaingia katika sanduku la msafiri.

Kulaumu watalii ni rahisi, na wahakiki wenzangu wa mrengo fulani wamekwisha kulifanya vya kutosha: soko limeua sanaa, ubeberu umeteka brashi. Mimi naona lawama hiyo ni ya uvivu. Tingatinga mwenyewe aliuzia wageni pale Morogoro Stores tangu mwanzo. Hakukuwa na enzi takatifu kabla ya soko. Anayetaka kuonyesha kwamba kitu kimepotea lazima akionyeshe ndani ya picha.

Basi tukionyeshe. Usuli ukiwa wa rangi inayoyeyuka, mnyama aliyesimama mbele yake anakuwa na majirani tofauti miguuni na kichwani. Miguu ya twiga iko juu ya njano, shingo iko juu ya chungwa, kichwa kiko juu ya nyekundu. Hakuna rangi moja ya ngozi itakayosimama vizuri mbele ya zote tatu. Mchoraji ana njia mbili. Ya kwanza ni kumpaka twiga rangi nyeusi tupu, awe kivuli, na hivyo ndivyo picha nyingi zinavyofanya. Inafanya kazi, hapana shaka. Nyeusi juu ya chungwa inaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Lakini angalia kilichoondoka. Madoa yameondoka. Jicho limeondoka. Yule mnyama wa kwanza alikuwa akikutazama, huyu unamtazama wewe. Sioni tofauti kubwa kuliko hiyo katika historia nzima ya uchoraji huu, na imeletwa na mpangilio wa rangi peke yake. Hakuna aliyekaa akaamua "sasa tuwanyime wanyama macho".

Njia ya pili ni ile ya Mmasai. Shuka lake ni jekundu, na lazima liwe jekundu kwa sababu mnunuzi anataka Mmasai. Anga nayo ni nyekundu na chungwa kwa sababu mnunuzi anataka machweo. Matokeo yake rangi mbili za ukoo mmoja zinakaa pamoja na kumezana. Shuka ambalo nyikani, mbele ya majani mabichi, lingewaka hadi ulione kilomita mbili, hapa limepoa kama shuka lililofuliwa mara mia. Orodha yetu ingesema nini? Nyekundu ni ushujaa wa Mmasai. Jamani! Ushujaa gani huo ambao hauonekani? Mweke mtu huyo huyo mbele ya kijani na hutahitaji kuandika neno "ushujaa". Vincent van Gogh alilijua hili alipochora mkahawa wa usiku mjini Arles mwaka 1888: kuta alizifanya nyekundu, dari akaifanya kijani, na karaha ya mahali pale inatokana na ugomvi wa hizo mbili. Ukibakiza kuta na kuifuta dari, karaha inapungua.

Tusiwe wakali mno, lakini. Zipo picha za baadaye, zile zenye watu wengi: soko, kilinge cha mganga, hospitali, kituo cha basi. Usuli umekwisha kabisa, kila inchi ina kichwa au kikapu. Mtu wa haraka huziona ni vurugu. Zikitazamwa kwa utulivu, zile zilizo nzuri zina rangi moja iliyotawanywa kwa hesabu, tuseme nyeupe: gauni la muuguzi hapa, kanzu pale, kuku kule chini, jino la mganga. Jicho linafuata weupe huo kutoka kona hadi kona kama msikilizaji anavyofuata kiitikio cha wimbo, na njiani linakusanya habari. Katika picha ya namna hiyo, kusema "nyeupe ni amani" ni kama kusema neno "na" lina maana ya mapenzi kwa sababu linaunganisha watu.

George Lilanga (1934–2005), aliyepitia Nyumba ya Sanaa, anastahili makala yake peke yake, kwa hiyo namgusa tu. Mashetani yake yana rangi kali kupindukia, waridi juu ya kijani, buluu juu ya chungwa, lakini kila umbo limezungushiwa mstari. Mstari ule unafanya kazi ya njano ya bendera: unawazuia majirani wasigusane. Kwa hiyo rangi zinapiga kelele bila kupigana, na mashetani yanachekesha badala ya kutisha. Futa mistari hiyo kwa mawazo uone kama bado unacheka.

Kivuli cha fotokopi

Naomba nirudi kwetu chuoni, kwa sababu kuna jambo la aibu kidogo. Wengi wetu picha hizi tumezisoma kupitia fotokopi, tena fotokopi ya fotokopi. Mashine ile inageuza kila rangi kuwa kijivu cha kiwango chake. Njano na samawati hafifu zinatoka karibu sawa; nyekundu na kijani kilichokolea zinatoka karibu sawa. Yule chui wa njano juu ya buluu bado anaonekana, maana tofauti yake ni ya mwanga na giza. Lakini Mmasai aliyewekwa juu ya kijani anapotea kabisa, na Mmasai aliyewekwa juu ya machweo anaonekana vile vile alivyo. Yaani fotokopi inaifanya picha bora na picha hafifu zilingane. Halafu tunakaa juu ya karatasi hiyo ya kijivu na kuandika "msanii ametumia rangi nyekundu kuashiria", na anayetusahihisha naye ana karatasi hiyo hiyo ya kijivu. Orodha imestawi hapa kwetu kwa sababu ni uhakiki pekee unaowezekana mbele ya fotokopi.

Oyster Bay si mbali. Atakayekwenda achukue karatasi nyeusi iliyotobolewa tundu dogo katikati, ukubwa wa kifungo cha shati. Atafute picha yenye mnyama wa kahawia aliyesimama juu ya usuli mweupe au wa njano, aitazame kwanza nzima. Kisha aweke tundu lile mbele ya jicho hadi abaki anaona kahawia peke yake, weusi ukiwa umeizunguka. Atashangaa kuona kahawia ile imesogea kuelekea chungwa. Akiondoa karatasi, kahawia inarudi.